Programu ya kuchambua DNA ijaribiwe kwa faili mbovu kabla ya kununuliwa

Mhariri,

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na kabla ya hapo maabara hupeleka orodha ya mahitaji yake kwa afisa wa ununuzi. Vitendanishi huandikwa kwa ujazo na nambari ya katalogi, pipeti kwa mikrolita, friza kwa nyuzi joto. Ikifika zamu ya programu ya kuchambua mfuatano wa DNA, mstari hufupika ghafla: "programu ya DNA, moja", au jina la kampuni ambalo mtu alilisikia kwenye warsha. Mstari huo mfupi ndio unaotia hasara. Naomba nafasi gazetini mwako niwaeleze wenzangu wa Mombasa na Pwani kwa jumla namna ya kuuandika ukaeleweka.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 60, inataka mahitaji ya kiufundi yaeleze kazi inayotakiwa kufanywa. Chapa haitajwi ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza, na hapo sharti yafuate maneno "au inayolingana nayo". Wako wanaoiona hiyo kuwa kero ya makaratasi. Kwa upande wa programu ni msaada mkubwa, kwa sababu inamlazimisha mnunuzi ajibu maswali mawili ambayo muuzaji hana haja ya kumuuliza: maabara yenu inapokea faili za aina gani, na ripoti yenu inaamua jambo gani?

Tuanze na faili. Maabara nyingi ndogo hazina mashine ya kusoma DNA. Hutoa DNA kwenye sampuli, huikuza kwa PCR, yaani kuinakili mara nyingi, huisafisha, kisha huipeleka Nairobi au ng'ambo, na kinachorudi kwa barua pepe ni faili zenye kiishio cha .ab1. Huo ni usomaji wa njia ya Sanger, iliyotangazwa na Frederick Sanger na wenzake 1977, ambayo mpaka leo ndiyo inayoaminika kwa kipande kimoja kifupi. Faili moja huwa na herufi za DNA (A, C, G na T) 700 hadi 900 zinazosomeka vizuri, pamoja na kromatogramu, yaani mchoro wa vilele vya rangi nne, na alama ya ubora ya kila herufi. Haifiki hata megabaiti moja. Kazi hii haihitaji seva wala kompyuta ya bei ya gari; laptopu ya kawaida yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu inaimudu bila kutoa jasho. Kwa hiyo mtu akikuletea makadirio yanayoambatanisha programu ya Sanger na kompyuta kubwa ya mezani, mwulize kompyuta hiyo itafanya nini mchana kutwa.

Swali la pili ni la uamuzi. Kuhakikisha kwamba kipande ulichokipachika kwenye plazmidi, ile pete ndogo ya DNA ya bakteria, kimeingia sawasawa ni kazi moja. Kumtambua samaki aliyekwisha kukatwa minofu, kama ni nguru au ni mwingine aliyepewa jina la nguru, ni kazi nyingine. Kusoma jeni ya kelch13 ya kimelea cha malaria ili kuona kama kina mabadiliko yanayohusishwa na usugu wa dawa ni kazi ya tatu, na hapo herufi moja tu iliyosomwa vibaya inageuza jibu. Programu inayofaa kuchora ramani nzuri za plazmidi yaweza kuwa dhaifu kabisa katika kuonyesha vilele viwili vilivyopandana, na ile inayochora miti ya nasaba vizuri huenda haijui kukata ncha mbovu. Anayenunua bila kujua ni ipi kati ya kazi hizi inayomjaa mezani ameuziwa mbuzi guniani.

Njia ya kujua ni kujaribu, na jaribio lenyewe halichukui zaidi ya nusu siku. Kampuni nyingi zinazouza programu hizi hutoa muda wa majaribio bila malipo. Tatizo ni kwamba wengi hulijaza jaribio kwa faili za mfano zilizokuja na programu yenyewe, ambazo ni safi kama zilivyochaguliwa ziwe. Tengeneza fungu lako la faili 12 kutoka kazi za maabara yako. Nne ziwe nzuri: sampuli mbili, kila moja imesomwa kutoka pande zote mbili. Mbili ziwe za kontroli yenye mfuatano unaojulikana. Kiti ya BigDye Terminator ya usomaji wa Sanger huja na plazmidi ya pGEM-3Zf(+) na praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji) ya M13 kwa kazi hiyohiyo, na mara nyingi vichupa hivyo hulala kwenye friza hadi muda wake ukaisha. Mbili ziwe na vilele pacha toka mwanzo hadi mwisho. Mbili ziwe zinazoanza vizuri kisha zikavurugika katikati. Moja iwe na mlolongo mrefu wa T au A. Ya mwisho iwe imefeli kabisa.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuanza nayo. Programu nzuri, ikishakata ncha kwa kigezo cha ubora, haitabakiza kitu kwenye faili iliyofeli, na itakuambia hivyo waziwazi. Programu mbaya itakupa herufi 600 zilizopangwa vizuri, ambazo mwanafunzi asiyejua atazipeleka kwenye BLAST, chombo cha kutafuta mifuatano inayofanana, na kurudi na jina la kiumbe. Alama za ubora ni rahisi kuzisoma: 20 maana yake uwezekano wa kosa ni mmoja kati ya 100, 30 ni mmoja kati ya 1,000, na 40 ni mmoja kati ya 10,000. Herufi 30 hadi 50 za kwanza za usomaji wa Sanger huwa ovyo karibu kila mara, na mwishoni vilele hutanuka na kuingiliana. Programu nyingi hukata ncha kwa kanuni ya Mott iliyorekebishwa, na kikomo cha kosa kilichozoeleka ni 0.05. Hakikisha kwamba unaweza kukibadilisha kikomo hicho, kwamba kimeandikwa mahali panapoonekana, na kwamba sehemu iliyokatwa haifutwi ila inafichwa tu, ili anayekagua baadaye aweze kuifunua.

Ukija kwenye faili za vilele pacha, tazama programu inafanya nini kabla hujaigusa. Nyingine huchagua kilele kirefu zaidi na kunyamaza. Kwa mtu anayesoma vimelea vya malaria huo ni msiba, kwa sababu mgonjwa mmoja wa Pwani anaweza kubeba aina mbili au tatu za kimelea kwa wakati mmoja, na aina sugu ikiwa ndiyo chache, ndiyo itakayofichwa. Unachotaka ni programu inayokuruhusu kuweka kiwango, kwa mfano kilele cha pili kikifika asilimia 25 au 30 ya kile kirefu, iandike herufi ya mchanganyiko: R kwa A na G, Y kwa C na T, na kadhalika kwa mfumo wa kimataifa wa IUPAC. Hata hivyo programu haitakuambia vilele hivyo vimetoka wapi. Hiyo ni kazi ya jicho. Vikiwa pacha toka herufi ya kwanza, shuku kwanza usafishaji: praima zote mbili za PCR zikibaki kwenye mchanganyiko, zote mbili husoma, moja huku moja kule, na unapata mfuatano mmoja juu ya mwingine. Uchafuzi wa sampuli mbili nao huonekana vivyo hivyo. Vikianza kuwa pacha ghafla kutoka mahali pamoja hadi mwisho, hiyo ni dalili ya nakala mbili za jeni zinazotofautiana kwa herufi kadhaa zilizoongezeka au kupungua. Programu huria ya Tracy inajua kuzitenganisha nakala hizo mbili. Nyingi za kulipia hazijui.

Kwa mlolongo mrefu wa T usiitarajie programu yoyote ifanye miujiza. Kimeng'enya cha PCR huteleza kwenye mlolongo unaozidi herufi nane au kumi, na vipande vinavyotoka hapo vina urefu tofauti, kwa hiyo kila kitu kilicho mbele yake huwa ukungu. Dawa yake ni kusoma kutoka upande wa pili na kuunganisha. Hapo ndipo faili zako nne nzuri zinapopata kazi: je, programu inageuza usomaji wa upande wa pili yenyewe, inaulinganisha na wa kwanza, na inapokuta tofauti inakuonyesha vilele vya pande zote mbili kwenye dirisha moja? Kama inabidi ufungue madirisha mawili na kuhesabu herufi kwa kidole, iache. Na tazama pia mabaka ya rangi isiyoungana, yale mawimbi mapana yanayojitokeza ndani ya herufi 120 za mwanzo pale usafishaji wa mwisho ulipofanywa haraka. Kilele cha kweli huonekana kikiwa kimefunikwa chini ya wimbi, na usomaji wa upande wa pili ndio utakaoamua.

Watu wawili wafanye faili zote 12 kila mmoja peke yake, kisha mifuatano yao ilinganishwe herufi kwa herufi. Kwenye kontroli mna jibu tayari, kwa hiyo makosa yanahesabika. Kwenye nyingine, mahali walipotofautiana ndipo panapoonyesha kama programu inamsaidia mtu kuona au inamwachia kukisia. Maabara inayofuata kiwango cha ISO 15189 cha maabara za tiba, au ISO/IEC 17025 kwa upande wa vipimo visivyo vya wagonjwa, itahitaji ushahidi wa namna hii kwa vyovyote, maana viwango hivyo vinataka programu ithibitishwe kabla ya kutumika. Jaribio la ununuzi likiandikwa vizuri linakuwa ndilo mwanzo wa faili ya uthibitisho.

Sasa niseme jambo linalowahusu hasa wanaofanya kazi na viumbe vya bahari, na katika mji huu si wachache, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ikiwa na makao yake makuu hapahapa. Utambuzi wa spishi kwa DNA hutegemea sana kipande cha jeni ya COI ya mitokondria, chenye herufi 658 kikishaondolewa praima za Folmer. Kila kipande hutafsiriwa kuwa protini ili kuhakikisha hakuna kodoni ya kusimamisha, yaani herufi tatu zinazokatisha protini, katikati. Basi mitokondria ina jedwali lake la kodoni. TGA, ambayo kwenye jedwali la kawaida ni ya kusimamisha, kwenye mitokondria ya samaki ni triptofani. Programu isiyokuruhusu kubadilisha jedwali itakuonyesha alama za kusimamisha kote kwenye mfuatano wa changu aliye mzima kabisa, na utaitupa data nzuri. Samaki, papa na kasa husomwa kwa jedwali la 2 katika orodha ya NCBI, kituo cha Marekani cha data za kibayolojia. Kamba, kaa, pweza na ngisi husomwa kwa jedwali la 5, na tofauti si ndogo: AGA na AGG kwenye jedwali la 2 ni za kusimamisha, kwenye la 5 ni serini. Mtu akimwekea kambakoche jedwali la samaki atapata alama za kusimamisha zisizokuwepo. Na mfumo wa kusoma huanza kwenye herufi ya pili ya hizo 658. Ukiruka moja, zinabaki 657, ambazo ni kodoni 219 kamili.

Ukishaweka jedwali sahihi na mfumo sahihi, na bado kodoni ya kusimamisha ikasimama katikati, hapo ndipo pa kushtuka. Huenda umeikuza nakala ya jeni hiyo iliyohamia kwenye kiini cha seli zamani na kuacha kufanya kazi, ambayo hukusanya makosa bila kuzuiwa. Au umeongeza herufi mahali vilele viwili vya aina moja vilipokaribiana. Rudi kwenye kromatogramu. Programu iwe inakuwezesha kubofya asidi amino na kupelekwa moja kwa moja kwenye kilele chake, maana bila hilo utapoteza asubuhi nzima kwa sampuli 20.

Kuhusu BLAST nina neno fupi. Imekuwepo tangu 1990 na ni ya bure kwenye tovuti ya NCBI ya Marekani, kwa hiyo kitufe cha BLAST ndani ya programu ya kulipia si sababu ya kulipa. Jina la kwanza kwenye orodha si utambulisho. Tazama asilimia ya mfuatano wako iliyofunikwa pamoja na asilimia ya kufanana, na kumbuka kwamba rekodi za GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano, huletwa na watafiti wenyewe, na zimo zilizopewa jina la spishi isiyo yake. Thamani ya E nayo, yaani idadi ya mifanano inayotarajiwa kutokea kwa bahati tu, hubadilika kwa ukubwa wa hifadhidata, kwa hiyo usiilinganishe ya leo na ya mwaka juzi. Maabara inayorudia spishi zilezile inaweza kupakua BLAST+, ambayo ni BLAST ya kuweka kwenye kompyuta yako, kukusanya mifuatano inayoiamini, kuijengea hifadhidata yake kwa amri ya makeblastdb, na kufanya kazi hata mtandao ukikatika.

Na mtandao hukatika. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na ungedhani mji unaopokea nyaya zote hizo hauna shida hiyo. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa kusini na Afrika Mashariki nzima ikasuasua. Mbali na nyaya za baharini kuna kebo ya jengo lenu na umeme wa mtaa wenu. Programu inayoishi kwenye seva za ng'ambo, kama Benchling, ina uzuri wake kwa watu wanaoshirikiana kutoka miji tofauti, lakini mwulize muuzaji: mtandao ukizima saa nne asubuhi, fundi anaweza kuona nini? Hata programu iliyowekwa kwenye kompyuta inaweza kuhitaji kuuliza leseni yake kwenye intaneti kila baada ya siku kadhaa. Siku hizo ni ngapi, iandikwe kwenye mkataba.

Leseni zenyewe ni za namna nyingi na hapa ndipo fedha zinapovuja. Ipo inayofungwa kwenye kompyuta moja, ipo inayotumiwa na wengi kwa zamu kupitia seva, ipo ya kununua mara moja, na ipo ya kulipia kila mwaka kwa dola, ambayo bajeti yake hubadilika shilingi ikiyumba. Inayofungwa kwenye kompyuta moja inataka uulize swali la Pwani: chumvi ya hewa na umeme unaopanda na kushuka vikiua ubao mama, leseni itahamishwa kwenda kompyuta mpya kwa siku ngapi na kwa malipo gani? Ya kupitia seva, seva ikizimwa wikendi hakuna anayefanya kazi. Ya mwaka ikiisha, je, faili zenu zitafunguka angalau kwa kutazama? Tena soma vizuri neno "bure kwa taaluma". Maabara ya chuo inayotoza wateja ada ya kupima huenda haimo katika ruhusa hiyo. Programu zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa kwa flash diski, sitazijadili, ila kusema kwamba kompyuta yenye majibu ya wagonjwa si mahali pa kuzijaribia.

Majibu ya wagonjwa yana sheria yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu data ya jenetiki kuwa data nyeti ya mtu binafsi, na kuipeleka nje ya nchi kuna masharti, ikiwemo ridhaa ya mwenyewe na ulinzi unaothibitishwa. Kupandisha mfuatano wa jeni ya binadamu kwenye tovuti ya uchambuzi iliyo ng'ambo ni kuipeleka nje, hata kama aliyefanya hivyo alikuwa ameketi Tudor, hapa Mombasa. Kwa samaki na bakteria wa majini mambo ni mepesi zaidi upande huu.

Jambo jingine wanunuzi husahau ni kutoka. Kila programu kubwa ina muundo wake wa faili, na miaka mitatu ya kazi ikikaa ndani ya muundo ambao mwenye kampuni peke yake anaufungua, huwezi tena kubadilisha programu bila maumivu. Katika jaribio, chukua mradi mmoja wenye maelezo ya jeni na praima, utoe kwa muundo wa GenBank, kisha uufungue kwenye programu nyingine kabisa. Hesabu maelezo yaliyopotea. Toa pia FASTA, muundo wa maandishi matupu, na uangalie majina: programu kadhaa hukata jina kwenye nafasi ya kwanza, na muundo wa zamani wa PHYLIP, unaotumika kwa miti ya nasaba, hukubali herufi 10 tu. Sampuli MSA_Kongowea_001 na MSA_Kongowea_002 zikikatwa hapo zote zinakuwa MSA_Kongow, na mti wa nasaba unachorwa ukiwa na matawi mawili ya jina moja. Anza majina kwa nambari. Wala usipitishe majina ya jeni kwenye Excel bila kuifunga safu kuwa maandishi. Iligeuza jeni za binadamu SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe kwa miaka mingi, hadi 2020 kamati ya majina ya jeni ikaamua kubadilisha majina yenyewe, ikawa SEPTIN2 na MARCHF1. Sampuli yako iliyoitwa 3-5 itageuka tarehe vilevile.

Baada ya yote haya, maabara ya Sanger yenye faili mia chache kwa mwezi inahitaji kulipa? Kwa maoni yangu, mara nyingi haihitaji. UGENE, iliyotengenezwa Urusi na iliyo huria, hufungua .ab1, hukata ncha, hupanga usomaji juu ya mfuatano wa rejea, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. MEGA, iliyoanza 1993, hulinganisha mifuatano na kuchora miti, na AliView ni nyepesi kwa kutazama mifuatano mingi iliyolinganishwa. SnapGene Viewer ni ya bure kwa kutazama plazmidi na kromatogramu. BioEdit bado imo kwenye kompyuta nyingi kwa mazoea. Ni ya Windows pekee na umri umeipita, sishauri maabara mpya ianze nayo. Geneious Prime, SnapGene kamili, Sequencher na DNASTAR Lasergene ni za kulipia, na ninaziona zinastahili pale watu wengi wenye ujuzi tofauti wanapofanya kazi ileile kila siku, kwa sababu unacholipia hasa ni hatua chache, kumbukumbu ya kila kilichofanyika, na mtu wa kumwuliza. Kama fungu ni dogo, fedha hiyo iende kwanza kwenye UPS, diski mbili za nakala ya akiba zinazokaa majengo tofauti, na mafunzo ya mtu wa pili, ili mwenye ujuzi akienda likizo kazi isisimame.

Wanaotumia MinION au wanaoletewa data ya Illumina, mashine zinazosoma vipande vingi sana vya DNA kwa pamoja, wana mahitaji mengine na wasijumuishwe kwenye zabuni hiyohiyo. Faili zao ni FASTQ na BAM. Kugeuza ishara ghafi ya MinION kuwa herufi kwa usahihi wa juu hutaka kadi ya michoro yenye nguvu, na ishara hiyo peke yake huchukua makumi hata mamia ya gigabaiti kwa usomaji mmoja. Hifadhidata kamili ya Kraken2, programu ya kutambua viumbe kwa DNA yao, hutaka makumi ya gigabaiti za kumbukumbu, ingawa kuna zilizopunguzwa hadi gigabaiti 8 kwa kompyuta ndogo, na upungufu wake wa majibu uzingatiwe. Galaxy, jukwaa la uchambuzi la mtandaoni, kupitia seva zake za umma za Marekani na Ulaya, inawatosha wengi kwa data isiyo ya wagonjwa, na huhifadhi kila hatua pamoja na toleo la chombo kilichotumika.

Mstari wa zabuni ya Sanger, basi, uandikwe hivi au karibu na hivi: programu ifungue .ab1 na .scf bila kuzibadilisha. Ionyeshe kromatogramu na alama za ubora kwa pamoja. Ikate ncha kwa kikomo kinachobadilishwa na mtumiaji. Iandike herufi za mchanganyiko kwa kiwango kinachowekwa. Iunganishe usomaji wa pande mbili na kuonyesha tofauti. Itafsiri kwa majedwali ya kodoni yakiwemo la 2 na la 5. Itoe FASTA, FASTQ na GenBank. Itunze kumbukumbu ya nani alibadilisha herufi gani na lini. Ifanye kazi bila intaneti kwa angalau siku 30. Leseni ihamishike kompyuta ikiharibika. Bei itolewe kwa miaka mitatu pamoja na masasisho na mafunzo. Ongeza kwamba mzabuni ataonyesha haya yote kwa kutumia faili 12 za maabara. Anayekataa amejieleza.

Jina la programu, toleo lake na vikomo vilivyotumika viingie kwenye kila ripoti, na kisakinishi cha toleo hilo kihifadhiwe pamoja na faili ghafi, maana toleo jipya likibadilisha namna ya kukata ncha, majibu ya mwaka jana hayatarudiwa sawasawa. Na kamati ya ukaguzi na upokeaji isitie saini kwa kuona sanduku au barua pepe ya leseni: faili zilezile 12 zifunguliwe tena, mara hii kwenye kompyuta ya maabara, fundi wa maabara akiwa ndiye anayebofya, laptopu ya muuzaji ikiwa imefungwa.

Mwanabaolojia wa molekuli,
Ganjoni, Mombasa